Taa Zisizolowa

Nimejenga uwanja wa ndege wa Mtwara
chumbani Chikongola, juu ya meza ya kushonea ya dada,
taa kwa taa, ndani ya kompyuta ya mkono wa pili,
hadi ile soksi ya upepo yenye tundu.
Nikamwita Bi Somoe Nampunju aje aone,
yeye aliyeipima hewa ya pale miaka ishirini na sita.

Akavaa miwani. Nikabonyeza mvua.
Ikamwagika, mvua ya Februari, kwa mistari mizuri.
Akatazama, akanyamaza, kisha:
"Mvua yako inanyesha, ila taa hazijalowa."

Kweli. Kutoka maili kumi na mbili, upande wa bahari,
kila taa ilisimama kavu, kali,
kama shanga zilizotundikwa mbele ya dhoruba
wala si ndani yake.

"Unajua mwonekano nilikuwa naupimaje?
Nilihesabu vinavyopotea.
Kwanza dohani la kiwanda cha saruji.
Halafu mnara wa simu. Halafu tangi la maji.
Ukibaki mkorosho wa uzioni peke yake
naandika mia nane,
na mkono unasita,
maana kuna mtu huko juu anaisubiri namba.

"Usiku mmoja tuliisikia ndege, hatukuiona.
Ilizunguka mara tatu. Waliokuja kupokea wageni
walijipanga barazani, nyuso juu, wakiifuata sauti.
Taa zote zilikuwa zinawaka. Zote! Nilizihesabu mwenyewe.
Rubani akasema redioni, kwa adabu, 'Sizioni,'
akarudi Dar na keki ya harusi ya watu."

Tangu siku hiyo mimi ni mkata mwanga.
Taa ya mbali nailipisha kwa kila tone inalopita,
kama korosho inavyokatwa, chama, ghala, usafiri,
hadi kinachomfikia mwenyewe ni cha kuulizia.
Kwenye manyunyu naivika duara laini,
pumzi ya mtoto kwenye kioo.
Lami ikilowa, kila taa izae pacha chini yake,
pacha mrefu, mwenye kutetemeka.
Ndege ikizama winguni, kimulimuli cha bawa
kilipuke weupe pande zote,
rubani apofushwe na taa yake mwenyewe.
Na mji, usiku wa mawingu mazito,
uanze kuonekana tumboni mwa wingu,
rangi ya chai ya maziwa,
kabla haujaonekana chini.

"Na Julai," akasema mlangoni, kiatu kimoja mguuni,
"usije ukasahau salfa."

Salfa! Mashine zikiipuliza mikorosho alfajiri
Naliendele nzima hupumua njano,
jua huchomoza limeshakunywa dawa.
Rangi hiyo sikuipata popote kwenye mashine.
Nilikwenda shambani na kitambaa cheupe,
nikakianika hadi saa tatu,
nikarudi nacho, nikakibandika kando ya skrini
na kulinganisha, na kukohoa, na kulinganisha.

Jana usiku nikaruka.
Mwonekano: mkorosho mmoja.
Futi mia sita. Mia tano. Feni inanguruma, jasho la kweli.
Mbele yangu kijivu tupu.
Mahali fulani humo ndani taa zangu,
kila moja niliyoipanda kwa kidole hiki,
zilikuwa zinawaka kwa uaminifu
zikimulika maji.
Mia tatu. Nikasukuma nguvu zote, nikapanda.

Saa saba kasoro nikampigia.
"Bi Somoe, sizioni."
Kimya. Kitanda kikalia upande wa pili.
"Hata moja?"
"Hata moja."
Akacheka hadi simu ikakwaruza.
"Haya, rudi Dar," akasema.
"Na keki ya watu usiiangushe."